Mashina ya maboga yanatobolewa, ikifika saa sita majani yamelala, nifanyeje wadau?

Dada wa Igombe

Habari za leo wadau wa kilimo. Mimi nipo Igombe huku Ilemela, nalima maboga ya kienyeji robo heka, shamba liko juu kidogo nje ya zile mita 60 za ukingo wa ziwa tusizoruhusiwa kulima, maji napandisha kwa pampu ndogo ya petroli. Hela yangu ya kila wiki inatoka kwenye majani, nakata vitita Jumanne na Ijumaa nawapelekea akina mama wa pale Kirumba, boga zenyewe zikikomaa ndo nalipia ada.

Sasa nina wiki tatu sina amani kabisa. Ilianza na shina moja pembeni huko, asubuhi nalikuta zima majani yamesimama vizuri, ikifika saa sita yote yamelala kama yamemwagiwa maji ya moto, jioni yanaamka tena, nikasema ni jua tu maana jua la huku kwetu mnalijua. Baada ya siku nne tano likalala moja kwa moja halikuamka. Wiki iliyofuata yakawa saba, leo asubuhi nimehesabu ni kumi na tisa, na kinachonishangaza ni kwamba kwenye mche mmoja tawi moja linakufa jingine liko kijani linatoa maua. Nilipoinama kuangalia nikaona karibu na kifundo kuna kitundu, kinatoa gundi gundi, na chini yake kuna unga wa njano umelowa kama vumbi la msumeno.

Nilienda duka la pembejeo nikaeleza, nikapewa dawa ya maji, nimepuliza mara mbili ndani ya siku kumi, hamna kitu. Hela imeenda na majani sijauza wiki nzima kwa sababu naogopa kulisha watu sumu.

Kaka yangu akanitumia vidio ya mzungu mmoja wa Marekani anaonyesha nondo anayefanana na nyigu, mwekundu mwekundu, anataga kwenye shina la boga alafu kiwavi wake anaingia ndani, huyo mzungu anachukua bomba la sindano anadunga dawa ndani ya shina. Sasa najiuliza ni huyo huyo ndo yuko kwangu? Na mimi nidunge? Hii miche iliyobaki inaokoleka au niing'oe yote nianze upya, na nikianza upya si atarudi tena? Naombeni msaada jamani, aliyewahi kupitia hili anisaidie.

Kijana wa Buhongwa

Dada pole, ila hiyo mi naona ni maji tu, kama udongo wako ni luseni, ule wa kichanga, maji hayakai, mwagilia asubuhi na jioni utaona.

Dada wa Igombe

Asante kaka, ila maji nilishaongeza wiki ya kwanza kabisa, na mche uliokufa chini yake pamelowa. Pia ingekuwa maji si lingekauka shamba zima, siyo tawi moja moja?

Mstaafu wa Usagara

Binti yangu pole sana. Kazi ya ugani nimeifanya miaka mingi kanda hii ya ziwa kabla sijastaafu, na hilo swali lako la mwisho kwa kijana wa Buhongwa ndilo la msingi. Kiu inalaza mche mzima na majirani zake. Tawi moja likilala na jingine liko zima, njia ya maji imekatwa mahali fulani ndani ya lile tawi, na huo unga ulioona ni kinyesi cha anayekata.

Nianze na vidio. Yule nondo ni wa kweli na ni balaa kwao, ila ni mdudu wa bara la Amerika. Anaruka mchana, anataga kijiyai kimoja kimoja karibu na mzizi, kiwavi akitoka anaingia shinani anakula kama mwezi hivi, alafu anatoka anashuka ardhini kungoja msimu mwingine. Ndo maana utawasikia wanashauri kuchimbua udongo baada ya kuvuna, kwa sababu yuko kwenye udongo. Sasa ukichukua ushauri wao mzima mzima ukauleta Igombe utachimbua udongo wakati adui yako amekaa kwenye shina kavu ulilolirundika pembeni.

Huku kwetu wanaotoboa ni wengine. Wa kwanza ninayemshuku kwako ni mbawakavu mdogo mwenye papasi ndefu, zile kama nyuzi mbili kichwani, wataalamu wanamwita Apomecyna, mwili wake ni kama sentimita moja, rangi ya kahawia na vidoa vyeupe mgongoni. Mchana humwoni kirahisi, anajibanza kwenye shina na rangi yake inafanana na uchafu wa shamba. Funza wake anazaliwa, anakula na anageuka mdudu mzima humo humo ndani ya shina, hashuki ardhini. Hapo ndo penye siri yote. Shina lililokauka unaloliona limekufa yeye kwake bado ni nyumba, na sisi huku hatuna baridi ya kuwaua, wanazaana mwaka mzima mradi kuna boga, tango au dodoki la kutambalia kwenye uzio.

Wa pili ni nzi wa maboga. Kila mtu anamjua kwa kuozesha boga changa, unalipasua unakuta funza wanarukaruka. Ila wapo wanaoingia hata kwenye maua na kwenye shina laini karibu na ncha, hasa matunda yakiwa machache. Huyu yeye akishiba anadondoka na kuingia ardhini.

Yupo pia yule mbawakavu mwekundu anayekata majani mviringo mviringo, funza wake anakaa kwenye udongo anatafuna mizizi na sehemu ya shina inayogusa ardhi. Na wakati mwingine hakuna mdudu kabisa, ni ugonjwa wa mnyauko unaotoka kwenye udongo.

Kwa hiyo binti yangu kabla hujanunua chupa nyingine hata moja, chukua wembe. Chagua miche kama mitano sita inayonyauka, pasua shina kwa urefu kuanzia kwenye kitundu, angalia kilichomo. Ukikuta mweupe asiye na miguu kabisa, mwili una pingili pingili na kichwa kidogo kigumu cha kahawia, huyo ni mtoto wa mbawakavu. Ukikuta mdogo mweupe amechongoka upande mmoja na kichwa hukioni, wako wengi pamoja na pameoza panateleza, hao ni wa nzi. Ukikuta mwenye vijiguu vifupi vifupi mbele, ni kiwavi wa nondo. Na kama hamna mtu ila ndani kuna mistari ya kahawia inapanda na shina, basi ni ugonjwa, na mche huo usihangaike nao.

Nimesisitiza hivyo kwa sababu ya sindano. Wale Wamarekani wengi wanachodunga ni dawa ya bakteria wanaoua viwavi, inaitwa Bt. Aina hiyo inaua watoto wa nondo tu, ukimdunga mtoto wa mbawakavu ni kama umempa maji ya kunywa. Na ile uliyopuliza mwanzo ilibaki juu ya majani, aliyeko ndani ya shina haikumfikia, ndo maana hujaona mabadiliko. Pasua kwanza alafu rudi utuambie.

Mama Vitita

Mdogo wangu nakuelewa sana, mimi nipo Kayenze na nimelea watoto watatu kwa majani ya maboga. Mzee hapo juu kaeleza vizuri, naomba niongezee upande wa kuokoa maana najua unaumia kung'oa mche unaotoa majani.

Usiing'oe yote. Boga linapotambaa kila kifundo kina uwezo wa kutoa mizizi kikigusa udongo, hiyo ndo bahati ya huu mmea, hata lile shina la mwanzo likifa kule nyuma tawi linaendelea kuishi kwa mizizi yake lenyewe. Mimi sasa hivi sisubiri mdudu, mche ukishatambaa hatua mbili tatu nachukua vifundo viwili vitatu nafukia na udongo kama unene wa vidole vinne, nabakiza majani nje, namwagilia hapo hapo. Ndani ya wiki mbili ukivuta kidogo unasikia kimeshika. Mdudu akija akakata kule kwenye shina mama wewe una matawi yamejitegemea.

Kwa ule ulioshambuliwa tayari, nenda jioni jua likiwa limepungua. Wembe usafishe kwa spiriti kila ukimaliza mche mmoja usije ukahamisha ugonjwa. Pasua kwa urefu, USIKATE KUKATISHA, ukikatisha umemaliza wewe kazi aliyoianza funza. Fuata ule mchirizi wa unga mpaka umkute, mtoe kwa waya mwembamba au pini, na usiridhike na mmoja, endelea kupapasa shina ukisikia mahali pamelainika pasua tena. Ukimaliza lirudishie shina lijifunge, funika na udongo mbichi usiwe tope, mwagilia, na kama kuna jua kali weka tawi la kivuli siku mbili. Mimi katika kila kumi niliyofanya hivyo mapema sita saba zilipona, ila ile iliyokwisha lala mpaka asubuhi haiamki hata ufanyeje, hiyo toa.

Funza uliowatoa wape kuku. Kuku wangu wakiniona na wembe wananifuata.

FundiPampu Magu

Naheshimu wazee wangu ila mbona mnamzungusha dada kwenye wembe, robo heka atapasua mpaka lini? Kuna dawa za kuzama ndani ya mmea, unapuliza mmea unainywa na mdudu akila anakufa humo humo. Mimi natumia kwenye nyanya na matikiti hamna shida yoyote.

Mstaafu wa Usagara

Kijana wangu dawa hizo zipo nazijua, na kwa mkulima wa tikiti tungeongea lugha nyingine. Ila soma tena alichoandika huyu binti. Yeye anauza MAJANI mara mbili kwa wiki. Dawa inayozama ndani ya mmea inakwenda mpaka kwenye jani, na haioshwi kwa maji ya bomba wala haitoki kwa kuchemsha kidogo. Kila dawa kibandiko chake kimeandika siku za kusubiri kabla ya kuvuna na kimeandika zao gani, na mtu wa Kirumba anayenunua kitita cha kupika na karanga leo jioni hana pa kusoma hicho kibandiko. Binti alivyosimamisha kuuza baada ya kupuliza amefanya jambo la kiungwana sana na nampongeza.

Lingine ni nyuki. Ua la boga linafunguka alfajiri na kabla ya saa sita limeshajifunga, dume na jike ni maua tofauti, bila nyuki hakuna boga. Dawa ya kuzama inafika hadi kwenye chavua. Kama ni lazima kupuliza chochote kwenye maboga basi iwe jioni maua yakiwa yamefungwa.

FundiPampu Magu

Hapo kwenye majani mzee nimekuelewa, sikuwa nimeona kwamba anauza majani. Kwa dada basi wembe ni sawa. Nikuulize tu, mwarobaini je? Huku kwetu upo mwingi barabarani.

Mama Vitita

Mwarobaini natumia. Mbegu zilizokaushwa kivulini naondoa ganda natwanga, gramu 50 kwa kila lita moja ya maji, nalaza usiku mmoja, nachuja kwa kitambaa, natia sabuni ya kipande kidogo ili ishike, napuliza jioni kwenye mashina na vifundo, siyo kwenye majani tu. Jioni kwa sababu jua linaiua nguvu. Inawakera wale wazima wasitage, aliyekwisha kuingia ndani haimfikii, msije mkaidai kazi isiyo yake. Nikipuliza majani siyakati siku tatu, na nayaosha, maana uchungu wake mteja anausikia.

Majivu pia wengi wanaweka shinani. Yanasaidia kidogo yakiwa makavu, ikinyesha au ukimwagilia yamekwisha, na ukizidisha udongo unaharibika. Mimi niliacha.

Dada wa Igombe

Wadau nimerudi. Wabeja sana wazazi wangu, nimelia kidogo niliposoma maana nilikuwa najiona niko peke yangu.

Jana jioni nilishuka shambani na mwanangu ananishikia tochi, nikapasua mashina sita kama mzee alivyosema. Manne nimekuta mweupe hana miguu hata mmoja, ana pingili pingili, kichwa kidogo cha kahawia, kila shina mmoja na moja walikuwa wawili, wamechimba handaki refu limejaa ule unga. Kwenye mojawapo nimekuta hajawa mdudu lakini siyo funza tena, umbo limeanza kuwa na papasi zimekunjwa tumboni, ametulia tu ndani ya shina. Na mwanangu ndo alimuona mzima kwenye shina la pembeni, mdogo wa kahawia ana vidoa vyeupe, nilikuwa nampita kila siku nadhani ni takataka!! Mzee ulisema kabisa.

La tano lilikuwa kwenye ncha, laini, limevimba, ndani wadogo wengi wamechongoka na harufu mbaya. La sita hamna mdudu, kuna mistari ya kahawia imepanda mpaka juu.

Sasa jambo linaloniuma. Mwaka jana maboga yakiisha mashina yote nilivuta nikarundika kwenye mpaka, nikasema yataoza yawe mbolea. Lundo bado lipo. Nimeenda kupasua yaliyo makavu nimekuta matundu ya duara mengi, wengine wametoka. Na kwenye uzio nina dodoki limetambaa mwaka wa tatu huu sijawahi kuling'oa.

Naomba kuuliza, lile lundo nilichome au nifukie? Na hao wa ncha ambao ni nzi, jirani ananiambia ninunue ule mtego wa nzi wa maembe, nifanye hivyo? Na pale kwenye mche wa ugonjwa nipande nini?

Mstaafu wa Usagara

Umefanya kazi nzuri kuliko wengi niliowahi kuwatembelea na pikipiki ya ofisi.

Lundo: choma, na uchome leo au kesho ukiwa hakuna upepo wa ziwa, mchana upepo unavuma kutoka majini kwa hiyo alfajiri ndo salama. Kufukia kwa mashina makavu hakunipi uhakika, kwa sababu huyu hahitaji udongo wala hauogopi sana. Dodoki la miaka mitatu ling'oe nalo ulipasue, nina hakika utakuta wenyeji. Kuanzia sasa kila mche ukimaliza kazi unatoka shambani wiki hiyo hiyo, usisubiri msimu uishe.

Mtego wa nzi wa maembe usinunue. Harufu inayomvuta nzi wa maembe haimvuti nzi wa maboga, utakamata wa jirani mwenye miembe na wako wataendelea kutaga. Kwako kata ncha zilizovimba na okota kila boga changa lililodondoka au lenye alama ya kudungwa, kila siku. Hizi usizitupe shimoni hivi hivi kwa sababu huyu anatoka anaingia ardhini. Weka kwenye mfuko wa mbolea ule wenye plastiki ndani, funga kabisa, uache juani wiki mbili, alafu fukia kina cha nusu mita au zaidi.

Mche wa ugonjwa ng'oa na mizizi, choma. Hapo na eneo la kuzunguka usirudishe boga, tango wala tikiti kwa misimu kadhaa, weka mahindi au mihogo. Ikiwezekana ukipata nafasi chukua shina moja lenye mistari na funza kadhaa kwenye chupa yenye spiriti upeleke kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Ukiriguru, siyo mbali kwako, wakuthibitishie kwa macho yao maana mimi nasema kutokana na maelezo yako tu.

Mama Vitita

Na mdogo wangu usipande upya pale pale wala karibu na yanayougua. Anza na vishimo vichache upande wa mbali, upande upepo unakotokea, mche ukishakuwa na majani matano anza kuinama kuukagua. Kila asubuhi unapokata majani angalia na vifundo, ukiona gundi au unga hata kidogo hapo hapo wembe. Ukiwahi siku ya kwanza ni kovu dogo tu.

Hayo kumi na tisa usiyahesabu yote kuwa yamekufa. Yanayoamka jioni ni yapi?

Dada wa Igombe

Yanayoamka ni kumi na moja dada yangu, mawili nimeyapasua jana, tisa nayafanya leo jioni kwa mpango huo wa wembe na udongo. Yale mengine nane nang'oa, mche wa ugonjwa ukiwemo. Lundo nimeshalichoma alfajiri, limewaka lote. Akina mama wa Kirumba nimewapigia simu nimewaambia wiki hii na ijayo sileti majani na nimewaeleza kwa nini, mmoja kaniambia atanisubiri.

Dodoki mwanangu ameling'oa. Mzee, shina la chini lilikuwa na nane.